Kisu Kinachouzwa Kabla Hakijaisha

Maneno haya niliwaambia wapishi vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo yao hapa Mombasa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichopunguza ni vicheko na kikohozi changu.

Wakuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliokuja, nanyi wanangu mliovaa kofia nyeupe leo: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Kabla sijasema lolote, naomba ile ndoo ya maji iletwe hapa mezani. Ahsante, mwanangu. Natumbukiza hiki kinoo. Walio mbele mnaona mapovu yanavyopanda? Jiwe lina kiu. Liacheni linywe, tutalirudia.

Niliombwa niseme juu ya vifaa vya jikoni. Vifaa ni vingi na kiyoyozi hiki hakifanyi kazi, kwa hiyo nimechagua kimoja. Hiki hapa. Ni kisu cha Kijapani kilichofuliwa Sakai, mji ulio ubavuni mwa Osaka, upande wa kusini. Nimekaa nacho miaka 14. Kilipokuwa kipya, upana wake hapa karibu na mpini ulikuwa milimita 49. Jana usiku nilikipima tena: milimita 42. Saba zimekwenda na maji ya kinoo, na sijutii hata moja.

Nilikijua kisu cha aina hii nikiwa Muscat, Omani, nilikokwenda kama walivyokwenda wengi wa pwani hii, kutafuta riziki. Jikoni tulikuwa na mzee mmoja Mjapani, mkuu wa upande wa samaki. Kiarabu hakujua, Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Mimi nilikuwa nikijisifu kwa kasi. Siku moja akachukua kipande cha nguru, akakikata nusu kwa kisu changu, nusu kwa chake, akaviweka kwenye sahani bila kusema neno. Upande wa kisu changu mnofu ulikuwa umefifia, umechakaa kama kitambaa kilichochanwa, na chini yake maji yamechuruzika. Upande wake uling'aa. Samaki yule yule, dakika ile ile. Nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nikimponda samaki nikidhani namkata.

Basi nikaanza kuuliza. Na mtu akiuliza habari za visu hivi, kitu cha kwanza anachoambiwa ni samurai, wale askari wa panga wa Japani ya zamani. Kwamba wafua panga walipigwa marufuku, wakahamia jikoni. Kuna ukweli ndani yake: mwaka 1876 serikali ya mfalme Meiji ilikataza watu kutembea na panga viunoni, na mafundi wengi wakakosa kazi wakageukia visu na zana za shamba. Lakini Sakai walikuwa wanafua visu muda mrefu kabla ya hapo, na kilichowapa jina ni tumbaku.

Ndiyo, tumbaku. Mnacheka, lakini sikilizeni. Wareno hawa hawa tunaowajua sisi, waliojenga Fort Jesus hapo chini kuanzia mwaka 1593, walikuwa wameshafika Japani tangu 1543. Walikwenda na bunduki, na baadaye tumbaku ikafuata. Wajapani wakaipokea kwa jina lake, tabako, kama sisi tulivyoipokea kwa jina lake. Wao walipenda kuivuta ikiwa imekatwa nyembamba kama nywele, na jani kavu halikatiki nyembamba kwa kisu chochote tu. Mafundi wa Sakai wakafua kisu cha tumbaku kilichopata vizuri hata utawala wa Tokugawa, ukoo uliotawala Japani kabla ya Meiji, ukakipa muhuri wake rasmi, ukasomeka Sakai kiwame, ushahidi kwamba ni cha Sakai cha kweli. Kwa hiyo ukitafuta babu wa kisu changu, usiende uwanja wa vita. Nenda kwa mzee mvuta kiko.

Sasa niwapeleke ndani. Nilikwenda Sakai mara moja tu, siku nne, kwa akiba ya mwaka mzima, na mke wangu mpaka leo anaikumbuka ile akiba. Nilitarajia kumwona fundi mmoja mwenye ndevu anayetengeneza kisu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu kama hicho pale. Sakai kazi imegawanywa. Mhunzi anafua, basi. Akimaliza, bapa linapelekwa karakana nyingine, kwa mnoaji, ambaye maisha yake yote hajashika nyundo ya mhunzi. Kutoka kwake linakwenda kwa mtia mpini. Kila mmoja ana nyumba yake, na watoto wake waliokataa au waliokubali kurithi kazi. Anayewaunganisha ni mfanyabiashara wa jumla, na mara nyingi jina linalochongwa kwenye bapa ni la huyo mfanyabiashara. Mhunzi aliyekesha na moto hatajwi. Mimi hilo lilinichoma kidogo. Wao walinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini jina la mwashi halikuandikwa ukutani.

Karakana ya mhunzi ilikuwa na giza, madirisha yamezibwa. Nikadhani umeme umekatika. Kumbe giza ndilo kifaa chake cha kupimia joto. Anasoma rangi ya chuma, na mwanga wa jua unaidanganya rangi. Siku hiyo alikuwa anafua yanagiba, kisu kirefu chembamba cha kukatia samaki mbichi. Jina lake maana yake ni bapa lenye umbo la jani la mti unaopenda kingo za mito. Alichukua kipande cha chuma laini, kile cha kawaida kisicho na makali, akakipasha moto mpaka kikawa rangi ya chungwa bivu. Akakinyunyizia unga wa boraksi uliochanganywa na chembe za chuma, akaweka juu yake kipande kidogo cha chuma cha pua, feleji kama walivyosema wazee wetu. Akarudisha motoni. Kisha nyundo. Cheche zilipaa mpaka darini, na vyuma viwili vikashikana vikawa kimoja bila gundi wala risasi.

Kwa nini viwili? Hapa ndipo penye akili yote ya kisu hiki. Chuma cha pua cha Kijapani ni kigumu mno. Kile kinachopendwa Sakai wanakiita karatasi nyeupe, kwa sababu kiwanda chake kilichoko Yasugi, mkoa wa Shimane, hukifunga kwa karatasi ya rangi hiyo ili kisichanganywe na vingine. Kuna na karatasi ya bluu, iliyoongezwa madini ya tungsteni na kromiamu. Karatasi nyeupe namba mbili ina kaboni, ile inayokipa chuma ugumu, takriban asilimia moja na nukta moja. Linganisheni na springi ya lori, ambayo wahunzi wetu wa jua kali wanaifanya panga na visu vya bucha: kaboni yake ni karibu nusu ya hiyo. Springi hupinda na kurudi, ndiyo kazi yake, na panga la springi ukilipiga kwenye mfupa halikulaumu. Chuma cha karatasi nyeupe hakipindi. Kinapokea makali membamba ajabu, kisha ukikikosea kinavunjika kama sahani. Sasa ukitengeneza kisu kizima kwa chuma hicho, utakuwa na kitu kikali kisichovumilika, na kukinoa ni adhabu. Ukikivisha chuma laini, laini kinabeba pigo, kigumu kinabeba makali, na kinoo kinakuwa na kazi ndogo.

Vipo visu vya chuma kimoja kigumu tupu, honyaki, na bei yake inatisha kwa sababu vingi hupasuka mikononi mwa fundi kabla havijawa kisu. Vijana mtaviona kwenye simu na mate yatawatoka. Viacheni. Hivyo ni vya mtu aliyekwisha kunoa maelfu.

Njooni mbele mkitaka kuona kwenye changu. Changu ni gyuto, jina maana yake upanga wa ng'ombe, aina iliyozaliwa baada ya Wajapani kuanza kula nyama ya ng'ombe hadharani. Mfalme Meiji mwenyewe alitangaza kuila mwaka 1872. Hapa chuma kigumu kimelala katikati, kimefunikwa pande mbili. Ukikiinamisha hivi utaona mstari, juu yake pana ukungu, chini yake pana mng'ao. Unapanda na kushuka kama alama ya maji yaliyokupwa ufukweni. Haukuchorwa na mtu. Ni pale vyuma viwili vilipokutana.

Narudi kwa mhunzi. Akishafua, bapa linalazwa kwenye majivu ya mabua ya mpunga lipoe polepole, chuma kitulie. Kesho yake analinyoosha kwa nyundo likiwa baridi. Halafu inakuja dakika moja inayoamua kila kitu. Analipaka tope jembamba, analikausha, analiingiza katika makaa ya msonobari. Anatazama. Rangi ikifika pale anapoijua yeye, karibu nyuzi 800, analitumbukiza majini. Sauti yake ni fupi, kama mtu aliyemeza neno. Likiingia na joto pungufu, halitakuwa gumu kamwe. Likizidi, chembe za chuma zinanenepa ndani kwa ndani na kisu kinakuwa dhaifu, kinameguka ovyo. Lile tope linavunja mapovu ya mvuke, maji yashike chuma kila mahali kwa pamoja. Likitoka hapo lina ugumu wa kioo na udhaifu wa kioo, kwa hiyo analipasha tena joto dogo, nyuzi 180 hivi, kulilegeza roho.

Nilimwuliza kwa mkalimani, rangi gani hasa? Akafikiri. Akasema, ya tunda fulani la kwao jioni ya mwisho wa vuli. Nilipoona hivyo nikaacha kuuliza.

Nawaambia kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi. Yule mhunzi alikuwa na nyundo ya umeme, kubwa kuliko mlango huu. Na mnoaji ana mawe ya duara yanayozungushwa na mota, yamelowa maji muda wote. Cha mkono haimaanishi hakuna mashine. Maana yake ni kwamba hakuna mashine inayoamua. Mnoaji nilimwona akiegemeza bapa kwenye jiwe kwa uzito wa mwili wake wote, anasimama, analitazama kwenye mwanga kwa jicho moja, anaona limepinda kwa unene wa unywele, analigongagonga kulinyoosha, anarudi. Mara kumi, mara ishirini. Kwenye yanagiba anafanya na jambo la ziada: upande wa nyuma anauchimba kidogo, uwe na bonde lisiloonekana, ili mnofu wa samaki usinate kwenye bapa na ili wewe baadaye ukinoa, jiwe liguse kingo tu.

Kisu cha namna hiyo kina makali upande mmoja, na upande huo ni wa mtu wa mkono wa kulia. Wa mashoto hufuliwa chake kwa agizo, na hukilipia zaidi. Nani hapa ni wa mashoto? Nimekuona, kijana. Usijali, gyuto haibagui.

Mpini sitasema sana. Ni mti wa ho, jamii ya magnolia, mwepesi, hautelezi ukilowa. Hapa kwenye shingo, mahali ambapo visu vyetu vina noleo la shaba, wao wanatia pembe ya nyati. Mkia wa bapa unapashwa moto mpaka uwe mwekundu, unachomekwa, unajichomea njia yake wenyewe ndani ya mti. Hakuna ribiti. Mpini ukioza baada ya miaka, unautoa, unatia mwingine. Mimi niko kwenye wa pili.

Basi hao ni watatu. Mhunzi, mnoaji, mtia mpini. Na sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kwa desturi ya zamani, kisu cha Sakai kiliuzwa bila makali ya mwisho. Mpaka leo duka zuri litakuuliza: tukitie makali sisi, au utakitia mwenyewe? Mara ya kwanza nilipoulizwa nikaona ni utapeli, kama kuuziwa suruali isiyopindwa. Kumbe ndiyo heshima yenyewe. Hawajui unakata nini. Anayekata bamia na kitunguu hataki makali ya anayechuna ngozi ya samaki. Kwa hiyo wanakuachia sehemu yako. Kisu kina mafundi wanne, na wa nne ni mwenye nacho.

Mimi nilikuwa fundi mbaya wa nne, tena kwa muda mrefu. Mwaka wa kwanza niliporudi huku, nilikiacha kwenye meza nikaenda kuswali. Kijana mmoja wa jikoni, mtu mwema, alikuwa na nazi za kuvunja. Akakiona kisu kizuri. Mgongo wa kisu, pa! kama tunavyofanya sote. Nazi ikakataa. Akakigeuza. Niliporudi nilikuta pengo hapa, sawa na punje ya mchele, na yeye amesimama kando ananitazama. Nilimfokea, nikamfokea sana, na nilikosea. Kosa lilikuwa langu. Nilimwachia mtu kitu bila kumwambia ni kitu gani. Pengo lile lilinichukua jioni tano kulimaliza kwenye kinoo. Ndizo sehemu ya zile milimita saba.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mapema. Si cha nazi, si cha mifupa, si cha samaki aliyeganda barafu. Usikisokote kikiwa ndani ya mhogo. Usikatie juu ya sinia, wala juu ya marumaru ya kaunta. Ubao wa mti, basi. Ukikata ndimu kifute hapo hapo, usimalize hata sentensi. Chuma cha karatasi nyeupe kinashika kutu haraka, na hapa kwetu na hewa hii ya chumvi, muda wa kunywa chai unatosha kukipaka rangi ya matofali. Ule weusi wa buluu mnaouona kwenye bapa langu si uchafu, ni vitunguu vya miaka 14, na unasaidia kuzuia ile kutu nyekundu. Usiku nakikausha, nakipaka tone la mafuta, nakilaza. Asiyeweza hayo anunue kisu kisichoshika kutu, Wajapani wanavyo na ni vizuri, wala hakuna aibu.

Na msinunue mawimbi. Ile michoro mizuri inayojaa bapa zima ni ya vyuma laini vya juu, haikati kitu. Mingine imechorwa kwa mashine juu ya chuma duni na kupewa jina la Kijapani lisilo na mwenyewe. Uliza chuma ni kipi, nani amefua, mji gani. Muuzaji akijibu kwa habari za samurai, ondoka.

Mtaniuliza, mzee, tabu yote hii ya nini, na mteja anakula pilau? Nawajibu kwa kachumbari. Katakata kitunguu kwa kisu kilichosenea: macho yanalia, na baada ya nusu saa bakuli linaogelea, nyanya zimekufa. Kwa kisu kinachopata, kitunguu hakipondwi, maji yake yanabaki ndani yake, na kachumbari ya saa sita inaweza kufika saa tisa ikiwa bado inaalika mdomoni. Mteja hajui kwa nini. Anajua tu kwamba anarudi.

Haya, tazameni ndoo. Mapovu yamekwisha.

Kinoo hiki ni namba 1000, yaani chembe zake ni za wastani. Nakiweka juu ya kitambaa kisiteleze. Kisu nakilaza, mgongo nauinua kidogo, kama unene wa sarafu mbili chini yake. Nasukuma, navuta, vidole vya kushoto vikae juu ya mahali panaponolewa. Tope hili la kijivu linalotoka msilioshe, ndilo linalofanya kazi. Sikilizeni sauti: ikiwa nyororo mko sawa, ikikwaruza mmeinua mno. Sasa pitisheni kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kufuata makali. Mnasikia kitu kinachokwama, kidogo, kama ukucha uliovunjika? Hicho kikisikika kutoka shingoni mpaka nchani, upande huu umekwisha. Kabla ya hapo haujaisha, hata kama umechoka.

Upande wa pili sifanyi mimi. Wewe wa mashoto, njoo huku mbele. Vua saa kwanza. Na mtu atuletee nyanya.